Fuata Wese: Niliyowaambia Vijana wa Boda Jumapili Ile

Vijana mmeniomba niyaandike niliyoongea pale chini ya mwarobaini maana wengine mlikuwa na abiria mkashindwa kufika, basi nimeyaandika kama yalivotoka, pamoja na kelele zenu, msinilaumu kwa lugha mimi ni fundi.

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie wa kule nyuma ambao mmetoka kupiga usiku mzima habari za asubuhi. Kabla sijaanza maneno, huyu kijana mwenye pikipiki nyekundu aisogeze hapa mbele. Weka stendi kubwa. Piga kiki. Piga tena. Vuta choki basi. Tena. Haya imewaka, sasa mnyamaze wote msikilize, hata wewe wa simu. Mnasikia hiyo? Inashika, inaachia, inashika, choki ukiirudisha inazima, ukiipiga resi ghafla inakohoa kama mzee anayevuta tumbaku tangu enzi za Nyerere. Zima. Usiwashe tena, nataka ipoe, na sitaigusa mpaka ipoe kwa sababu ntakayowaambia.

Sasa kijana waambie wenzako umeshabadilisha nini. Plagi mara mbili. CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoamuru cheche. Koili, inayokuza umeme wa plagi. Na juzi kuna mtu kakwambia ni oveholi, pistoni na ringi, na wewe umeshaanza kuchanga. Jumla mpaka leo? Laki na ishirini. Laki na ishirini jamani, na hesabu ya tajiri hapo inakusubiri kila jioni elfu nane, na sailensa, ule muungurumo wa chini bila kuvuta resi, bado haishiki. Hebu niulize tena mbele ya watu, kuna siku yoyote kuna mtu kafungua koki ya tangi akaangalia kinachotoka? Hapana. Basi mkutano wa leo ndo huo tu, nimemaliza, naweza kwenda kunywa chai (kicheko).

Hapana, nikae niwaeleze. Mimi ninachoamini baada ya miaka mingi ya kushika spana ni kwamba pikipiki ya zamani yenye kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa, ikianza kusumbua, kuzimazima, kukosa nguvu, kula mafuta, usikimbilie duka la spea, wewe fuata wese, yaani mafuta. Anzia pale linapoingilia, kwenye mfuniko wa tangi, shuka nalo kwenye koki, kwenye mpira, kwenye kabureta, mpaka linapoingia kwenye injini na hewa yake, kama vile mtu wa maji anavofuata bomba kutafuta limepasuka wapi, maana hakuna fundi bomba anayebadilisha bomba la choo eti kwa sababu jikoni maji hayatoki. Sisemi umeme hauharibiki, unaharibika, na cheche lazima uiangalie, dakika mbili tu unachomoa plagi unaigusisha kwenye chuma mbali na mafuta unapiga kiki unaona cheche. Huyu cheche anayo, ya bluu kabisa, nimeiona kabla hamjafika. Kwa hiyo ile CDI na koili alinunua bure.

Hii hapa ni muundo wa CG, na nawaambia kitu kuhusu hii injini maana mnaipanda kila siku hamuijui. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walikuwa wameshatuma watu wao kwenye nchi kama zetu kuangalia pikipiki zinavotumika, wakakuta watu wanabebesha mizigo, barabara za vumbi, na sevisi hakuna, mtu anaendesha mpaka igome. Wakarudi wakatengeneza injini ya kuvumilia tabia hizo, ya stiki na roka za kusukuma valvu, haina cheni ya juu ya kukuchosha, na Wachina baadaye wakaichukua hiyohiyo wakaitengeneza kwa majina mia. Ndo maana injini zenyewe hazifi ovyo. Lakini kabureta hawakuweza kuifundisha uvumilivu, kabureta ina matundu madogo kuliko ncha ya sindano ya kushonea, chembe moja ya kutu ikikaa pale basi cc 125 zote zinalala. Injini ya chuma inasimamishwa na kitu usichokiona kwa macho.

Wakati inapoa niwape kisa cha ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa najifunza kazi Kilosa kwa mzee mmoja, Mungu amrehemu, na bwana shamba mmoja alikuwa na Yamaha DT 125, ile inayochanganya oili na petroli, akawa anakuja kila wiki na malalamiko yaleyale. Anasema nikitoka hapa inakwenda vizuri, nikifika karibu na mto inazima, kila safari palepale, mpaka watu wa kijijini wakamwambia pale mtoni pana wenyewe. Mimi kijana nimejaa ufundi nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikafungua kabureta mara tatu nikaosha, jamaa anaondoka anafurahi wiki ijayo karudi. Siku moja mzee akamuuliza swali moja tu, ikizima pale mtoni wewe huwa unafanyaje? Akasema nafungua mfuniko naangalia kama mafuta yapo, nayaona yapo, nafunga, napiga kiki inawaka naenda zangu. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akaenda akafungua mfuniko, akatoa kipande cha mfuko wa nailoni alichoweka bwana shamba mwenyewe ili mafuta yasimrukie kwenye suruali akipita mashimo. Basi.

Mnaelewa kilichokuwa kinatokea? Kile kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa. Mafuta yanashuka kwenye kabureta, hewa haiingii kujaza nafasi yake, tangi linavuta kwa ndani, mwishowe mafuta yanagoma kushuka kabisa, na kwa mwendo wake na ujazo wa tangi lake hiyo ilikuwa inamkuta kila mara maeneo ya mtoni. Akifungua mfuniko hewa inaingia fyuuu, mzigo unaanza upya. Koili niliyobadilisha nililipa mimi, ilikatwa kwenye posho yangu ya mwezi. Tangu siku hiyo pikipiki ya kuzima njiani mimi kitu cha kwanza ni mfuniko, na nyie wenye tabia ya kuweka nailoni na vitambaa na sabuni kule juu nawaona, wewe wa shati la Simba nakuona.

Haya imepoa, niwekee mkono hapo, ndiyo. Tunafanya kazi ya mafuta, kwa hiyo sigara hakuna, yule mama wa chapati jiko lake liko upande ule wa upepo nimeshaongea naye, na injini lazima iwe ya baridi, petroli ikidondokea ekzosi ya moto mnajua wenyewe. Mfuniko wa huyu nimeupuliza kwa mdomo, unapumua, safi. Sasa nachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nauingiza kwenye hii chupa nyeupe, nafungua koki. Angalieni. Inatoka, inatoka… sasa hivi kamba imekuwa nyembamba… sasa ni matone. Mafuta yapo nusu tangi na yanatoka kwa matone. Yanatakiwa yatoke kamba moja isiyokatika, dakika nzima, na ukiiona hivi tu usiguse kitu kingine mpaka umemaliza hapa. Na hebu iinue hiyo chupa juani. Mnaona mstari kule chini? Juu ya njano, chini cheupe kinachezacheza kama ute wa yai. Hayo maji. Maji ni mazito kuliko petroli na hayachanganyiki nayo, yanakaa chini, na koki inavuta kutoka wapi? Chini. Kabureta ikivuta maji inakohoa, ikirudi kwenye petroli inashika, ndo ule mwendo wa kushika na kuachia mliousikia.

Yanatoka wapi? Wengine mvua, mfuniko mpira wake umeisha na pikipiki inalala nje. Wengine unalaza tangi tupu, usiku baridi hewa ya ndani inatoa jasho kwenye bati, kila siku tone, tone, ndo maana tangi lililojaa linakaa na afya kuliko la robo. Na wengine, tuseme ukweli, ni zile lita za kwenye chupa za maji barabarani. Siwakatazi, najua ukiwa umekata mafuta kule Melela saa tatu usiku hutachagua, hata mimi nanunua, lakini mimina kwa kitambaa safi na ukifika sheli jaza. Chupa imekaa juani wiki mbili, ule utamu wa petroli unaowasha haraka umeshapaa, kilichobaki ni uzito.

Hapo kuna mtu ataniuliza kuhusu kuchakachua. Nyie wadogo hamkuiona, zamani mafuta ya taa yalikuwa bei chini sana kuliko petroli, watu wanachanganya, pikipiki inatoa moshi, asubuhi haiwaki, plagi nyeusi kama mkaa. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, alama ya siri ya kutambulia mafuta, mwaka 2010, afu 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ile faida ya kuchanganya ikapungua sana. Sa hivi kabla hujasema umechakachuliwa angalia kwanza uchafu wako mwenyewe kwenye tangi.

Na hii niiseme kwa ukali kidogo maana nimeona mtu akipelekwa hospitali. Kunyonya petroli kwa mpira na mdomo, acheni. Ikienda tumboni ni mbaya, ikienda mapafuni ndo inaua, na mtu akishaimeza usimtapishe eti atoe sumu, akitapika ndo inaingia mapafuni, mpeleke hospitali. Chupa na koki zipo, chomoa mpira kama nilivofanya mimi hapa, mafuta yanashuka yenyewe.

Tumwage tangi tutoe koki. Mnaona hiki kijichujio cha juu ya koki, hiki kama kofia ya wavu? Kimevaa koti la kutu. Tangi la bati, maji chini, lazima kutu. Dawa yake ninayotumia, namwaga mafuta yote, naziba tundu la koki, natia cheni kuukuu ya pikipiki iliyosafishwa, cheni nzima siyo kokoto, maana cheni unaivuta inatoka, kokoto moja ikibaki utaisikia mpaka uzeeni, natia siki kali, natikisa, nalaza usiku kucha, asubuhi namwaga, nasuuza kwa maji na magadi soda kuua ukali wa siki, nakausha juani mpaka ikauke kabisa, afu napitisha petroli yenye oili kidogo ili bati lisianze kutu upya mchana huohuo. Hiyo ni kazi ya siku mbili. Leo hatuna siku mbili, kwa huyu tunaosha kwa petroli safi mara tatu na tunaweka hii filta ndogo ya kuonea kwenye mpira, ni ya bei ya soda mbili, angalieni tu ule mshale uelekee kwenye kabureta, na usiiweke ikapinda juu kuliko tangi maana hapa hakuna pampu, mafuta yanashuka kwa uzito wake tu.

Sasa bibi harusi mwenyewe, kabureta. Kwanza fungua screw ya kumwagia pale chini ya bakuli, chupa chini yake. Oneni, maji tena, na kitu kama chai ya rangi iliyolala. Sasa nafungua bakuli, na nyie mnaotumia bisibisi yoyote ya nyota mkizichubua vichwa hizi screw mjue kwenye pikipiki za Kijapani msalaba wake sio sawasawa na nyota ya kawaida, ndo maana inateleza, bonyeza kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Haya. Nusa. Pitisha, kila mtu anuse. Inanuka nini? Rangi, vanishi ya fundi seremala. Petroli ikikaa muda mrefu inapaa kidogo kidogo inaacha gundi, inajipaka kila mahali, na pikipiki yako ulisema ilikaa polisi muda gani? Miezi minne. Unaona, haujasema hiyo. Miezi minne kituoni na mafuta ndani ya kabureta, afu imetoka inasumbua, mnatafuta CDI. Pikipiki ikijua itakaa, funga koki, iache iungurume mpaka izime yenyewe, au fungua hii screw ya chini umwage, dakika moja.

Hili boya. Kazi yake ni kama lile la tenki la choo, mafuta yakijaa linanyanyuka linasukuma kisindano kinafunga njia. Litikise sikioni, ukisikia maji ndani limetoboka, linazama, mafuta hayafungwi. Hili zima. Kisindano nacho ncha yake angalia kama ina mchirizi wa pete, ikiwa na pete haizibi vizuri, mafuta yanamwagikia kwenye kile kibomba cha chini unakuta asubuhi pameloa. Na afadhali yamwagike nje. Yakikosa njia ya nje yanapita kwenye injini usiku, yanashuka kwenye oili, asubuhi unachomoa kijiti cha oili kimepanda kuliko jana na kinanuka petroli, wewe unafurahi eti oili haipungui. Hiyo oili imeshakuwa maji, hailindi kitu, hapo ndo injini zinanoki. Kwa hiyo ukilaza pikipiki funga koki. Sio mpaka iharibike, kila usiku, kama unavofunga mlango.

Jeti sasa, vile vipande vyenye tundu la kupimia mafuta, na hapa mnivumilie ntakaa kidogo. Ziko mbili. Kubwa inalisha ukiwa umevuta resi karibu yote, ndogo inalisha sailensa na ule mwanzo wa resi, katikati pale ni ile sindano ndefu ya kwenye slaidi, kile kinachopanda ukivuta resi. Kwa hiyo pikipiki inakwambia yenyewe inaumwa wapi ukiisikiliza. Inakataa sailensa lakini ukiipiga resi ndefu inakimbia vizuri, hiyo jeti ndogo. Sailensa nzuri lakini mlimani inakata pumzi, angalia kubwa au yale mafuta ya kushuka kidogo kidogo. Huyu alikuwa anazima sailensa bila choki, na choki kazi yake ni kubana hewa ili mafuta yazidi, kwa hiyo ikiponea kwenye choki inakwambia hapa mafuta hayatoshi. Hii haihitaji kompyuta.

Naichomoa ndogo, naiinua kwenye jua. Njoo uangalie. Unaona mwanga? Hauoni. Wewe njoo. Hauoni. Tundu lake kwenye pikipiki zetu hizi ni kama milimita 0.35 mpaka 0.4, na hapa limeziba lote. Laki na ishirini mmeona ilipokuwa? Hapa.

Sasa inazibuliwaje, na hapa ndo mafundi wengi tunaua. Naloweka kwenye dawa ya kuoshea kabureta, isipokuwepo petroli safi, naiacha, napuliza kwa upepo wa kompresa, narudia. Ikigoma kabisa natumia uzi mmoja wa shaba, mmoja tu, niliouchomoa kwenye waya laini wa umeme, maana shaba ni laini kuliko jeti yenyewe. Waya wa kebo ya breki hapana, pini hapana, sindano hapana. Jeti ni ya shaba ya manjano, chuma kinaikwangua. Na usiseme nimekwangua kidogo tu. Tundu la 0.38 ukilifanya 0.45 kwa macho huoni tofauti yoyote, lakini nafasi ya kupitisha mafuta imeongezeka kama asilimia 40, piga hesabu wewe unayenunua lita tatu kwa siku.

Na hii kubwa… subirini. Nipe miwani. Hii kubwa ina mikwaruzo ndani. Kijana, nani alifungua kabureta hii mara ya mwisho? Sema usiogope. (Hapo mwenye pikipiki akamuangalia kijana wangu wa gereji aliyekuwa ameshika sahani ya spana, na kijana wangu akaangalia viatu vyake, watu wakacheka dakika nzima.) Basi, basi. Kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimesafiri msibani, sawa, lakini ni gereji yangu. Tutaongea nyumbani.

Nyie chekeni, tuendelee. Vile vinjia vya ndani ya mwili wa kabureta pulizeni navyo, na kabla ya kupuliza toa mipira yote na zile oringi, dawa kali inazivimbisha. Kwenye pikipiki zile zenye kabureta ya diafram, ule mpira mwembamba, usiupe dawa kabisa, ukipasuka pikipiki inakuwa haina nguvu na kuupata peke yake ni shughuli. Na hii oringi ya kwenye manifoldi, kile kibomba cha kuingilia injini, pamoja na ule mpira unaoshika kabureta kwenye injini, ukunje uone nyufa. Hewa ikiingilia pale kwa wizi sailensa inapanda yenyewe, ukiachia resi haishuki haraka, na inapiga mabomu kwenye ekzosi. Ukiwa na wasiwasi iwashe, nyunyizia maji kidogo pale kwenye maungio, mlio ukibadilika umempata mwizi. Filta ya hewa mnaijua, vumbi la njia ya Kilosa mnalijua, sina la kuongeza, ila kuitoa kabisa ili pikipiki ipige kelele ya mashindano sio ufundi, hewa inazidi, vumbi linakula ringi, na hapo ndo ile oveholi inakuja kweli.

Swali, ndiyo, wewe wa Mgeta. Anasema pikipiki yake hapa mjini nzuri ila akipanda Nyandira inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi, ameambiwa kabureta mbovu. Sio mbovu. Sisi hapa Morogoro tuko kama mita 500 juu ya bahari, Nyandira ni zaidi ya 1,500, kule hewa ni nyepesi, na kabureta haijui umepanda mlima, inatoa mafuta yaleyale ya mjini kwa hewa iliyopungua. Injini inataka kama gramu 15 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, hewa ikipungua mafuta yanakuwa yamezidi. Kama unakaa hukohuko moja kwa moja ntakuwekea jeti ya namba ndogo zaidi. Kama unapanda na kushuka kila siku na viazi, vumilia, ila usije ukaibana kule juu afu ukashuka nayo hivohivo, mjini itakuwa hewa imezidi na injini inachemka.

Tunafunga. Screw ya mchanganyiko kabla hujaitoa hesabu, zungusha taratibu kufunga ukihesabu mizunguko mpaka iguse, usiikaze, ncha yake inavunjika, andika hata kwenye kiganja. Kurudisha anzia mzunguko mmoja na nusu. Na jueni ziko aina mbili, ikiwa upande wa injini hiyo inapitisha mafuta, kuifungua ni kuongeza mafuta, ikiwa upande wa filta inapitisha hewa, kuifungua ni kupunguza. Mnazungusha kinyume mnalaumu kabureta mpya. Pikipiki ikishachemka kidogo zungusha robo robo, sikiliza pale inapoungurumia juu kabisa na kwa utulivu, iache hapo, afu ile screw ya sailensa ishushe mpaka mlio wa kawaida, kama mizunguko 1,400 kwa dakika, kwa sikio ni pale unahesabu mapigo na hayakimbii wala hayasiti.

Koki wazi. Choki. Piga kiki. (Iliwaka ya pili. Nikamwambia arudishe choki. Ikaendelea. Watu walipiga makofi, mwenyewe akawa anacheka tu ameshika mdomo.) Mnasikia sailensa hiyo? Iacheni. Iacheni ichemke. Sasa panda nenda mpaka kule barabara ya Bigwa, vuta resi yote ukiwa gia namba tatu, urudi.

Alirudi. Sailensa haijayumba, haizimi, mwanzo wa resi inachomoka. Ila akasema fundi ukivuta yote inakuwa kama imebeba gunia, na nyuma moshi. Nikachomoa plagi tukaiangalia pamoja, ilitakiwa iwe na rangi ya kahawia kama biskuti, ilikuwa nyeusi kavu, masizi. Ikiwa nyeupe hewa imezidi, ikiwa nyeusi hivi mafuta yamezidi, na huyu tumeshajua kwa nini, ile jeti kubwa iliyokwanguliwa. Nilitafuta kwenye boksi langu namba yake sikuwa nayo. Nikamwambia kwa leo usiivute zaidi ya robo tatu, Jumatatu asubuhi pitia gereji, jeti ntainunua mimi, na atakayeifunga ni yuleyule aliyeikwangua, mimi ntakuwa nimekaa pembeni na miwani yangu.